Miaka Sita Nilimhonga Daktari wa Pembe

Kontena letu lilirudi bila kufunguliwa.

Lilisafiri wiki tano kwenda, likakaa wiki tatu kwenye bandari ya watu, kisha likageuzwa lilivyo. Lakiri niliyoifunga kwa mikono yangu mwenyewe ilikuwa bado mlangoni, haijaguswa.

Ndani kulikuwa na vifungo vya makoti laki nane. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kasoro.

Na barua iliyokuja ilisema hivyohivyo. Bidhaa haina tatizo, wenye tatizo ni nyinyi.

Nina hasira, na nitaandika nikiwa nayo. Kama unatafuta hadithi ya kubembelezwa usingizi, pita zako.

Mjomba wangu ana karakana ya vifungo. Si vya plastiki. Tunachukua pembe za ng'ombe machinjioni, tunatoa mfupa wa ndani, tunakausha, tunakata, tunatoboa, tunang'arisha. Ukipita nje unasikia harufu kama ya nywele zinazoungua, utaziba pua. Sisi tulishazoea, hata mito yetu ya kulalia ilikuwa inanuka hivyo.

Tulikuwa watu thelathini na wanne. Robo tatu ya kazi yote ilikuwa ya mnunuzi mmoja, kampuni ya makoti ya ng'ambo.

Mimi nilikuwa msimamizi wa mizigo ya nje. Makaratasi yote yalipita kwangu.

Sasa pembe haitoki nchini hivihivi. Inataka cheti cha afya, na cheti kinasainiwa na daktari wa mifugo wa serikali. Lazima aje mwenyewe, ashuhudie pembe zimekaa tanurini saa nzima kwenye joto linalotakiwa, vijidudu vife, ndipo asaini.

Daktari wetu, wafanyakazi walimbatiza jina la Kipimajoto.

Mtu mwembamba, kimya, shati la mikono mirefu hata jua likiwaka. Anakuja na chupa yake ya maji, yetu hayagusi. Anachomeka kipimajoto chake kwenye tanuri, anavuta kigoda, anakaa.

Saa nzima. Haongei, hacheki, hata simu hagusi.

Madaktari waliomtangulia walikuwa wanasaini wamesimama mlangoni, na wanakwambia waziwazi wanachotaka. Huyu hasemi kitu. Anakaa tu, jasho linamtiririka.

Tukajiuliza, mtu mzima na elimu yake akae mbele ya tanuri saa nzima kwa faida gani? Tukajijibu wenyewe. Anasubiri apozwe. Na kwa sababu hasemi, basi huyu anataka hela nyingi kuliko wote.

Mjomba akatoa amri. Kila mzigo, bahasha.

Mimi naiandaa, naifunga kwa gundi. Dereva wa karakana anapomrudisha daktari ofisini kwake anampa humo garini, mbali na macho ya watu.

Dereva alikuwa mume wangu.

Msinicheke. Karakana za ukoo ndivyo zilivyo. Mjomba anamwajiri mpwa, mpwa anamwingiza mumewe, na ukimkosea mmoja umewakosea wote.

Tukaenda hivyo miaka sita. Mizigo haikuchelewa hata siku moja, na kila ilipotoka mjomba alinipigapiga begani na kusema, unaona faida ya kumpoza mtu?

Mwaka jana kampuni ya makoti ikatuletea fomu. Maswali arobaini na moja. Je, mnampa mtumishi wa serikali chochote? Hela? Zawadi? Mafuta ya gari? Mtu wenu mwingine yeyote anampa kwa niaba yenu?

Nikaandika hapana, hapana, hapana, mpaka mwisho. Katika biashara hii kila mtu anaandika hapana, halafu anaenda kula.

Wakaridhika, tukadhani yamekwisha. Baada ya miezi michache wakamtuma mkaguzi wao. Mama wa makamo, mpole, anaongea lugha yetu vizuri kuliko mimi. Alizunguka karakana nzima, akashika vifungo, akawauliza wafanyakazi kuhusu glavu na miwani ya kazi. Mwisho akakaa ofisini na mjomba, na mimi nikiwa pembeni na mafaili.

Akauliza swali la kawaida kabisa. Msimu wa baridi kwao ukikaribia, mizigo haitakwama?

Jamani, mjomba.

Mjomba akaegemea kiti, akatabasamu kama mwenye nyumba anayemtoa mgeni wasiwasi.

"Mama, ondoa shaka. Mizigo yenu haiwezi kukwama. Yule daktari tunampoza kila safari."

Nikafunga faili nililokuwa nimeshika.

Yule mama akaweka kalamu chini. Akamuuliza taratibu, tunampozaje? Na mjomba, akidhani kwamba anajenga jina la karakana, akaeleza vyote. Bahasha. Gari. Miaka sita. Hata akaongeza kwamba wenzetu wengine wanacheleweshwa kwa ubahili wao tu.

Mpaka leo haelewi kosa lake ni lipi. Anasema alikuwa anamhakikishia mteja.

Wiki mbili baadaye mwanasheria wao akatupigia, sura yake kwenye kompyuta, yule mama pembeni yake akitafsiri. Nilimjia juu. Nikamwambia hongo itolewe huku, kwa mtu wa huku, kwa hela ya huku, nyinyi kesi inawafikiaje?

Hakukasirika. Alinieleza kama anayemweleza mtoto. Kwao, kampuni inaweza kushtakiwa kwa hongo iliyotolewa na mtu anayeifanyia kazi, nchi yoyote, hata kama wenyewe hawakujua. Cha kujiokoa nacho ni kimoja, waonyeshe walikuwa na njia za maana za kuzuia. Wakishajua halafu wakaendelea kununua, hawana tena cha kujitetea. Na cheti kilichonunuliwa si cheti, kwa hiyo lile kontena lililokuwa limeshafika kwao hawaligusi.

Nikamwambia ni hela ndogo tu ya kuharakisha. Akasema sheria yao haina hela ndogo.

Halafu akaacha mlango kidogo wazi. Kama tulilazimishwa, kama daktari alidai na kututishia, basi sisi ni watu walioonewa. Tukiwa na matokeo rasmi ya uchunguzi yanayosema hivyo, wataangalia upya mkataba.

Mjomba alilishika neno hilo kwa mikono miwili.

Kampuni ilikuwa imeshatoa taarifa kwa serikali yetu. Kipimajoto akasimamishwa kazi, ikaundwa kamati ya watu watatu. Shahidi mkuu, mimi niliyekuwa nafunga bahasha.

"Mwanangu," mjomba akaniambia, "ni neno moja tu. Sema alidai."

Nami, ndugu zangu, sikuona ubaya. Moyoni nilimchukia yule daktari. Nilimwona ndiye aliyetufikisha pale, na kigoda chake na ukimya wake. Karakana imesimama, watu thelathini na wanne wako nyumbani kwa sababu ya mtu asiyeshiba.

Mama Pacha, mchaguzi wetu bora wa rangi, mwanamke anayetofautisha vivuli tisa vya kahawia kwa macho matupu, alikuja kwangu mara tatu wiki ile. Hakuniomba kitu. Aliuliza tu tunarudi lini, akakaa, akaondoka.

Nikaamua. Nitasema alidai.

Jumamosi moja, saa tatu asubuhi, nasikia hodi.

Nafungua mlango, Kipimajoto.

Alikuja kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Mkononi barua yake ya kusimamishwa, imekunjwa mara nne. Nilimkaribisha kwa sababu nimelelewa hivyo, si kwa sababu nilitaka. Hakukaa.

"Dada, naambiwa nina hela zangu hapa. Za miaka sita. Nimekuja kuzichukua."

Nikamwambia asinifanyie mchezo nyumbani kwangu, kazi yetu amekula, hela zetu amekula, sasa anakuja kutukoga.

Akaikunjua ile barua.

"Sijapokea hata senti yenu. Mara moja tu, mwaka wa kwanza, dereva wenu alininyooshea bahasha. Nikamwambia airudishe ilikotoka. Nikajua tumeelewana."

Nikacheka. Kicheko kibaya, kile cha mtu anayejiandaa kutukana.

Ndipo mume wangu akatokea kutoka chumbani, taulo begani, povu la sabuni bado sikioni. Akamwona daktari.

Akarudi ndani. Hakusalimia.

Mume wangu huyu anasalimia hata wauza magazeti asiowajua. Mgeni amesimama sebuleni kwake, anamgeuzia mgongo bila salamu.

Kicheko kikanikauka. Daktari naye aliona. Aliikunja barua yake vizuri, akaaga, akaondoka.

Nilimsindikiza daktari kwa macho mpaka barabarani. Halafu nikaingia chumbani nikafunga mlango, watoto wasisikie.

Sikuuliza kama ni kweli. Niliuliza ziko wapi.

Akakaa ukingoni mwa kitanda. Akasema mwanzo alikusudia kumpa kweli. Alipokataliwa aliogopa kurudi na bahasha, mjomba angesema ameshindwa kazi ndogo kama ile, na alikuwa na miezi miwili tu kazini. Akaiweka mfukoni akingoja siku nzuri ya kunieleza. Mzigo wa pili ukatoka salama bila daktari kupewa chochote. Wa tatu vilevile. Baada ya hapo hakumnyooshea tena mtu bahasha.

"Nakuuliza ziko wapi, baba watoto."

"Umezila, mama watoto."

Nilimwambia arudie.

Akarudia. Akaanza kunionyesha kwa kidole, kimoja kimoja. Friji. Bati za chumba cha nyuma. Ada za watoto, mihula yote ile aliyoniambia amepata kazi za kubeba mizigo ya watu siku za mapumziko. Na ule mwezi mama yangu alipolazwa, mimi nalia sina pa kushika, yeye akaja na hela mkononi nikambusu mbele ya manesi.

Zile zote zilikuwa bahasha zangu. Niliziandaa mimi, nikazifunga gundi mimi, zikazunguka na gari la mjomba zikarudi jikoni kwangu.

Nilitupa kitu. Sitasema nini. Watoto walisikia.

Kilichonikata maini zaidi hakikuwa wizi. Ni ile miaka sita. Kila mzigo, yule mtu alikaa na kipimajoto chake saa nzima kwa sababu sheria inasema saa nzima. Hakuna zaidi ya hapo. Alikuwa anafanya kazi. Nasi tulikuwa hatujawahi kuona mtu wa serikali akifanya kazi, kwa hiyo tukadhani ni njaa.

Mizigo haikuchelewa kwa sababu hatukuwa na kosa. Tungeweza kutotoa hata senti na kontena lingeondoka siku ileile. Tulihongea kitu ambacho tayari kilikuwa chetu.

Siku ya Jumapili mjomba akaja. Nilimweleza yote, nikidhani atamrukia mume wangu shingoni.

Akanyanyuka, akafunga dirisha.

Akasema haya ni mambo ya ndani ya ukoo. Mume wangu atazilipa kidogo kidogo, hakuna wa kujua. Kesho kamati inakaa. Neno ni lilelile, alidai. Tukisema hivyo mkataba unaweza kurudi, watu wote wanarudi kazini, nyumba yangu haibomoki. Tukisema vinginevyo tunakosa vyote.

Nikamuuliza, na daktari?

"Daktari ana mshahara wa serikali na elimu yake. Atapata pengine. Mama Pacha atapata wapi?"

Niambieni nyinyi mnaojua kila kitu. Niambieni ningemjibu nini. Kwa sababu hilo la Mama Pacha lilikuwa kweli tupu.

Sikumjibu. Alichukulia kwamba nimekubali.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu na feni inayolia kila ikizunguka. Watu watatu upande mmoja. Mwenyekiti mwanamke, miwani puani. Kipimajoto amekaa ukutani peke yake, chupa yake ya maji miguuni. Nyuma yangu mjomba, na pembeni ya mjomba mume wangu, shati limepigwa pasi. Nilikuwa nimelipiga mimi alfajiri ile, maana mikono ilitaka kazi.

Mwenyekiti akaanza. Bahasha ziliandaliwa na nani? Nikasema mimi. Kwa muda gani? Miaka sita. Zilikuwa kwa ajili ya nani? Nikasema kwa ajili ya daktari.

Akaandika, bila haraka. Kisha akavua miwani.

Daktari alidai?

Mjomba akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha kunikumbusha.

Nikamwona Mama Pacha machoni pangu, nakiri. Nikawaona wanangu wakiniuliza baba yuko wapi. Nikageuka nikamtazama yule mtu ukutani. Hakuwa ananiangalia. Alikuwa anaangalia sakafu, kama mtu aliyeshajua nitasema nini.

Hilo ndilo lililonikasirisha. Kwamba ananijua. Kwamba kwa miaka sita mimi nilimdhania ubaya na nikakosea, na yeye sasa ananidhania ubaya na hajakosea.

"Hakudai," nikasema. "Hajawahi kudai kitu. Hajanywa hata maji yetu."

Feni ikalia.

"Kama hakudai, na yeye anasema hakupokea," mwenyekiti akasema, "basi bahasha zote hizo alipokea nani?"

Nikasikia kiti cha mume wangu kikisogea. Alijua kinachokuja, na mjomba alijua, na nadhani hata mwenyekiti alishahisi, maana kalamu yake ilikuwa imeshaelekea upande wa dereva.

"Mimi," nikasema. "Ziliingia nyumbani kwangu. Tulizila mimi na mume wangu na watoto wetu. Andika hivyo."

Akaandika.

Daktari alirudishwa kazini mwezi uliofuata. Sisi watatu, mimi, mume wangu na mjomba, kesi yetu bado inaendelea, wakili ameniambia nisiandike habari zake, kwa hiyo siandiki. Mume wangu anaishi kwa kaka yake. Anakuja kuwaona watoto, ananisalimia, namwitikia.

Kampuni ya makoti haikurudi. Niliwaandikia barua ndefu nikawaeleza kwamba hakuna aliyehongwa, hela haikumfikia mtu yeyote wa serikali, basi kosa liko wapi? Yule mama mkaguzi akanijibu kwa mistari miwili. Kosa linatimia pale unapotoa kwa nia hiyo, akasema, na sisi tulitoa kila safari.

Nilimtukana peke yangu jikoni. Halafu nikaisoma tena mistari yake miwili.

Mjomba hasemi nami. Karakana ina watu tisa sasa, wanatengeneza vifungo kwa mafundi wa hapa hapa mjini. Mama Pacha si mmoja wao. Nilikwenda kwake kumwomba radhi, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniomba niondoke kabla wanawe hawajarudi kutoka shuleni.

Sitaki pole zenu, na wanaotaka kuniambia mimi ni shujaa wakae kimya kabisa. Shujaa hapotezi kazi za watu.

Lakini wewe unayesoma hapa, unayepeleka mzigo nje au unayefuata leseni yako tu, wewe unayejua kwamba bila kutoa hupati. Sikukatalii, wapo wanaodai, hao nawajua kwa sura. Ila yule unayempelekea bahasha kesho, yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, alikwambia anataka?

Ulimsikia wewe, au umeletewa maneno?

Mimi sikuwahi kuuliza. Daktari alikuwa anakaa hatua kumi kutoka mezani kwangu, saa nzima, kila mzigo, na sikuwahi kunyanyuka nikamuuliza anasubiri nini.